Foleni ikipungua, nani anafaidika na nani analipa?

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu iliihamisha darsa ya wazazi kutoka baina ya Magharibi na Isha na kuipeleka Jumapili asubuhi. Hakuna aliyepinga. Wazazi wenyewe ndio walioomba, kwani saa ambayo mwalimu alikuwa akifungua kitabu, wengi wao walikuwa bado wamesimama ndani ya basi, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umekumbatia mfuko, wakihesabu vituo vilivyobaki. Wapo walioteremka njiani wakaiwahi Magharibi katika msikiti wowote ulio karibu, kisha wakalipa nauli ya pili. Wapo waliofika nyumbani watoto wamekwisha kulala.

Tumelianzia hapo kwa makusudi. Foleni ya Dar es Salaam inapozungumzwa katika mikutano na magazetini, aghalabu hutajwa mabilioni ya shilingi yanayopotea kila mwaka, na kila mzungumzaji huja na bilioni zake. Njia ya kuyapata mabilioni hayo ni nyepesi kueleza: huhesabiwa saa zinazopotea barabarani, zikazidishwa kwa kipato cha msafiri cha saa moja, kisha ikaongezwa thamani ya mafuta yanayoungua gari likiwa limesimama. Ni hesabu halali, lakini ina tundu kubwa katikati yake. Saa ya mkurugenzi aliye ndani ya gari lenye kiyoyozi hupewa thamani kubwa kwa kuwa mshahara wake ni mkubwa. Saa ya mama anayempeleka mtoto kliniki, ya mwanafunzi aliyeachwa kituoni, ya mzee anayefuata dawa hospitalini, hupewa thamani ndogo sana au haihesabiwi kabisa. Na ile saa ambayo baba angekaa na wanawe wakamsomea walichohifadhishwa na ustadhi wao haina bei sokoni, basi haimo.

Hebu tufanye hesabu nyingine isiyohitaji mshahara wa mtu. Anayetumia saa 3 kwa siku kwenda kazini na kurudi, siku 6 za wiki, hutumia saa 18 kila wiki. Kwa wiki 50 za mwaka hizo ni saa 900, yaani siku 37 na nusu, usiku na mchana. Ni zaidi ya mwezi mzima wa Ramadhani, kila mwaka, alioupitisha njiani. Akiishi hivyo kwa miaka 10, zaidi ya mwaka 1 wa umri wake umeishia barabarani.

Kwa hiyo hatuna haja ya kumshawishi yeyote kwamba foleni ni madhara. Linalotushughulisha ni jingine. Wanazuoni wa fiqhi walipoweka kanuni za kupima maslahi na madhara, hawakuishia kusema kuwa madhara yaondolewe. Walieleza pia kwamba madhara hayaondolewi kwa kuleta madhara mengine yaliyo mfano wake, na kwamba yapo madhara ya mtu mmoja au wachache ambayo huweza kubebwa ili kuukinga umma. Kanuni hizo zikisomwa pamoja, humlazimisha msomaji aulize swali ambalo wapangaji wa miji hupenda kulipita haraka: tukiipunguza foleni, mzigo unatoka mabegani mwa nani na kutua mabegani mwa nani?

Madaraja ya juu na barabara pana

Dawa iliyozoeleka ni ujenzi. Mwezi Septemba 2018 lilifunguliwa daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Februari 2021 yakafuata makutano ya ngazi tatu ya Kijazi pale Ubungo. Anayeikumbuka Ubungo ya zamani, ambapo magari ya Barabara ya Morogoro, ya Mandela na ya Sam Nujoma yalisubiriana kwenye mataa huku askari wa usalama barabarani akiyaruhusu kwa zamu, hawezi kusema kuwa fedha hizo zilitupwa. Gari la wagonjwa linapita. Lori linalotoka bandarini linapita. Basi la abiria nalo linapita, na hilo kwetu ndilo kubwa zaidi.

Hata hivyo, daraja la juu huiondoa foleni kwenye makutano hayo na kuikabidhi kwa makutano yanayofuata. Isitoshe, barabara iliyopanuliwa ina tabia ambayo mchumi wa Marekani, Anthony Downs, aliieleza tangu mwaka 1962: magari ya saa za msongamano huongezeka mpaka yakaijaza tena. Aliyekuwa akiondoka nyumbani usiku wa manane kuikwepa foleni hurudi kwenye saa yake. Aliyekuwa akipita njia za mchepuko hurudi barabara kuu. Aliyekuwa akipanda basi hukopa akanunua gari. Mji wa Houston, katika jimbo la Texas, uliipanua barabara yake iitwayo Katy, kazi iliyokamilika mwaka 2008, hata ikafikia njia 26 katika baadhi ya sehemu ukijumlisha na zile za pembeni. Miaka michache baadaye safari za asubuhi na jioni zilikuwa zimeanza kurefuka tena.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikawakuta watu 5,383,728. Ni nyongeza ya zaidi ya watu milioni 1 ndani ya miaka 10, na wengi wao wanatafuta makazi pembezoni, kule ambako bei ya kiwanja bado inafikika. Barabara ikipanuliwa kuelekea Kibamba na Kiluvya, viwanja vya huko hununuliwa haraka, na wanaovinunua wanafanya kazi Kariakoo na Posta. Barabara huzaa wasafiri wake yenyewe. Hatuwalaumu wanunuzi, maana nani asiyetaka kujenga pale mfuko wake unapomruhusu? Tunachosema ni kwamba muda aliookolewa mkaazi wa Kimara hutumiwa upesi na mkaazi mpya wa Kiluvya, na baada ya miaka michache wote wawili wanasubiri tena.

Alama ya X

Sasa tutazame upande wa gharama. Barabara ya Morogoro ilipanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ikawa ya njia 8. Kabla ya hapo, mwaka 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara hiyo zilivunjwa kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, na nyumba za ibada zikiwamo. Katika nchi yetu, habari ya namna hiyo mtu huisoma kwenye ukuta wake kwa rangi. X ya kijani maana yake utalipwa fidia. X nyekundu maana yake ondoka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, na aliyekutwa katika eneo lililoongezwa ndiye mwenye haki ya fidia. Hifadhi iliyotumika kwa Barabara ya Morogoro ilikuwa pana kuliko hiyo kwa mbali, na msimamo wa serikali ulikuwa kwamba waliojenga ndani yake walivamia.

Hatukusudii kubishana na sheria katika ukurasa huu wa familia. Tunataka kukumbusha tukio moja ambalo wanahistoria wa Makka, akiwamo al-Azraqi, wamelihifadhi. Mwaka 17 Hijria, Sayyidna Umar bin al-Khattab, Allah awe radhi naye, alikusudia kuupanua Msikiti Mtukufu uliokuwa umezungukwa na nyumba za watu. Alizinunua, akazivunja. Baadhi ya wenyewe wakakataa kuuza. Umar aliwaeleza wazi kuwa wao ndio walioifuata Al-Kaaba wakajenga katika uwanja wake, wala si Al-Kaaba iliyowafuata wao. Kwa lugha ya leo, aliwaambia kuwa wamo ndani ya hifadhi. Nyumba zao zikavunjwa. Lakini thamani ya nyumba hizo haikupotea. Iliwekwa amana katika Al-Kaaba hadi wenyewe walipokuja kuichukua.

Hapo pana fiqhi nzito kuliko kurasa nyingi za taarifa za miradi. Maslahi ya umma yalitangulizwa, na hoja ya uvamizi ilitamkwa bila kumung'unywa maneno, lakini bado mtu hakuachwa mikono mitupu. Rai yetu ni kwamba mradi wowote wa kupunguza foleni unaovunja nyumba ambayo familia imeishi miaka 20, ikalipia umeme na maji na kodi ya jengo, uandike bei ya nyumba ile katika gharama za mradi hata pale sheria hailazimishi. Usipoandikwa, mradi utaonekana nafuu kwa sababu tu familia zile zimeuchangia bila kuulizwa.

Mwendokasi

Tunafika kwenye jambo lenye manufaa makubwa zaidi, na ambalo pia limewaudhi watu wengi zaidi.

Njia moja ya barabara, mambo yakienda vizuri kabisa, hupitisha magari madogo yapatayo 2,000 kwa saa. Yakibeba kwa wastani mtu mmoja na nusu kila moja, hao ni watu 3,000. Mji wa Bogotá nchini Kolombia ulianzisha mabasi yake yaendayo haraka, TransMilenio, mwaka 2000, nao katika kipande chenye shughuli nyingi zaidi, kilichotengewa njia mbili kila upande, hubeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja. Mfano huo ndio ulioigwa na miji mingi, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwake. Anayelalamika kuwa basi limepewa njia yake peke yake huku magari yamebanana pembeni na asome tarakimu hizo mara ya pili.

Mabasi yetu yalianza kazi Mei 2016, kwa njia ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Safari ya asubuhi kutoka Kimara hadi mjini, iliyokuwa ikichukua saa 2 au zaidi, ilishuka hadi chini ya saa 1. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza barani Afrika kuipata. Kwa familia, faida haikuwa muda tu. Mwanafunzi, ambaye konda wa daladala humkwepa kwa kuwa nauli yake ni ndogo, hapo hununua tiketi yake dirishani kama watu wengine na mlango humfungukia kama unavyowafungukia wengine. Mwenye mtoto anayesoma mbali na nyumbani anajua uzito wa jambo hilo, hasa akiwa ni binti na jua limekwisha kuzama.

Lakini kuna waliolipa. Daladala za njia ya Morogoro ziliondolewa, na kila daladala moja iliyoondoka iliondoka na dereva, konda, mpiga debe, fundi wa gereji na mama lishe wa kituoni. Foleni yenyewe, tukitaka kusema kweli, ni soko: kijana anayeuza maji baridi, karanga na vitambaa vya kufutia jasho baina ya magari yaliyosimama hula kwa foleni ile ile inayotuchosha sisi. Hatusemi foleni ibaki ili yeye ale. Tunasema kuwa yeye naye ni mtu katika hesabu, na kwamba kumtafutia kizimba karibu na kituo kipya hakugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya daraja.

Kisha nauli. Mwendokasi ulipoanza, tiketi ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, ya basi linaloleta abiria kutoka mitaa ya ndani shilingi 400, na ya zote mbili kwa pamoja shilingi 800. Anayelipa 800 kwenda na 800 kurudi kwa siku 26 za kazi hutoa shilingi 41,600 kwa mwezi, na nauli tangu hapo haijashuka. Mtu mwenye mshahara wa kati huiona fedha hiyo kuwa bei halali ya saa aliyookolewa. Mfagiaji wa ofisi huiona kuwa ni mfuko wa mchele. Tumewaona watu wa Kimara na Manzese wakirudi kutembea kwa miguu sehemu ya safari, si kwa kupenda mazoezi.

Kubwa kuliko nauli ni msongamano uliohamia ndani ya basi. Huduma ilianza na mabasi 140, ilhali mpango ulihitaji zaidi ya 300. Matokeo yake ni kuwa foleni iliyokuwa ya magari barabarani ikawa ya watu kituoni, na mlango unapofunguka, mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Mwanamke mjamzito hubaki. Mwenye mtoto mgongoni hubaki. Anayefanikiwa kuingia husimama amebanwa na wanaume pande zote, na wapo wanaume wasiomcha Mungu ambao huigeuza hali hiyo kuwa fursa. Kina mama wengi wametueleza kuwa wangependa kuchelewa ndani ya daladala wakiwa wameketi kuliko kuwahi wakiwa katika hali ile. Hilo halimo katika kipimo chochote cha kasi ya basi, lakini kwa anayetoka nyumbani akitaka arudi na stara yake, ndilo la kwanza. Tulipolitaja mbele ya kina baba baada ya sala ya Ijumaa moja, baadhi walidhani tunatia chumvi. Tuliwashauri wakawaulize wake zao na mabinti zao.

Kuhusu Jangwani hatutasema mengi, maana kila msomaji amekwisha kuona picha za karakana ya mabasi ikiwa ndani ya maji na barabara imefungwa kila Mto Msimbazi unapofurika. Bonde ni bonde.

Tunachokipata katika haya yote ni kwamba faida ya mwendokasi haitokani na zege. Inatokana na basi la pili kufika kabla abiria walioachwa na la kwanza hawajakata tamaa. Njia maalumu isiyo na mabasi ya kutosha ni hasara kwa kila mtu: mwenye gari amenyimwa nafasi, na mwenye tiketi bado amesimama kituoni. Njia ya awamu ya pili, ya Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, ilikaa muda mrefu imekamilika huku watu wa Mbagala wakiitazama tu kutoka madirishani mwa daladala. Awamu ya tatu ni ya Barabara ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto, na ya nne ni ya Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Ingekuwa busara mabasi ya kila awamu yaagizwe pamoja na saruji yake.

Tozo ya kuingia mjini

Siku hizi linasikika pia pendekezo la kuwatoza wenye magari wanaoingia katikati ya jiji nyakati za msongamano. Wenzetu wa ng'ambo wamelijaribu, nasi tunafaidika kwa kutazama walivyofanya.

London ilianza tarehe 17 Februari 2003, kwa pauni 5 kwa siku. Magari yaliyoingia eneo la tozo yalipungua kwa takriban asilimia 18. Siku hiyo hiyo ya kwanza yaliongezwa mabasi yapatayo 300, na sheria iliamuru mapato yarudi katika usafiri. Wapo waliolalamika, wakiwamo wauguzi wa zamu na wachuuzi wa soko la nyama la Smithfield, ambao kazi yao haikuwapa saa nyingine ya kuingia mjini. Baada ya miaka michache kasi ya magari ilishuka tena, kwa sehemu kutokana na uchimbaji wa mabomba ya maji na kwa sehemu kwa kuwa nafasi iliyopatikana walipewa waendao kwa miguu na mabasi. Tozo nayo ilipanda, hadi pauni 15 mwaka 2020.

Stockholm ilifanya kwa hadhari zaidi. Iliongeza njia za mabasi Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya kumtoza mtu yeyote. Kisha ikaweka tozo ya majaribio kuanzia tarehe 3 Januari hadi tarehe 31 Julai 2006. Magari yaliyovuka mpaka wa eneo hilo yalipungua kwa takriban moja ya tano. Wananchi wengi waliokuwa wakiipinga kabla ya jaribio walibadili mawazo walipouona mji ukiwa hivyo, na katika kura ya Septemba mwaka ule wakaazi wa jiji waliikubali. Tozo ikawa ya kudumu Agosti 2007. Lakini manispaa jirani zilizopiga kura ziliikataa kwa jumla ya kura zao. Nayo ina maana yake: anayekaa mjini hupata hewa safi na barabara tulivu, anayekaa nje ndiye anayetoa fedha.

Kwetu habari hiyo inafahamika hata bila kusafiri. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lina tozo, na wakaazi wa ng'ambo ile wameililia miaka mingi hadi serikali ikaipunguza mwaka 2022. Tozo ile iliwekwa kurudisha fedha za ujenzi. Haikuwekwa kupunguza foleni, ndiyo maana haibagui saa ya msongamano na saa ya usiku. Tunaitaja kwa sababu moja tu, kwamba mtu wa kawaida akisikia neno tozo hukumbuka daraja lile, na mpangaji anayedhani watu watashangilia tozo nyingine kwa kuonyeshwa michoro ya London anajidanganya.

Je, tozo ya mjini ni dhulma? Hatudhani hivyo kwa asili yake. Mwenye gari anayeingia Posta saa 2 asubuhi akiwa peke yake ndani ya viti vitano anachukua nafasi ya wengine bila kuilipia, na anawachelewesha watu wa basi lililo nyuma yake ambao ni wengi kuliko yeye mara hamsini. Kumtaka alipie ni karibu zaidi na uadilifu kuliko kumwacha. Lakini utaratibu wa Stockholm, basi kwanza na tozo baadaye, kwetu ndilo sharti. Ukimtoza leo mwalimu wa Tegeta mwenye gari bovu alilonunua kwa mkopo, naye hana basi lenye nafasi la kumpeleka kazini, hujapunguza foleni, umemwongezea deni. Na fedha itakayokusanywa ionekane kwa macho, katika mabasi yenye namba na tarehe, isije ikamezwa na mfuko ambao hakuna aujuaye.

Mambo madogo

Wakati wakubwa wanajadili mabilioni, yapo mambo madogo ambayo gharama yake ni ndogo mno na faida yake haihitaji mchumi kuieleza. Wasafiri wengi wa jiji hili huanza safari kwa miguu. Njia ya miguu iliyojaa magari yaliyoegeshwa humsukuma mtoto wa shule aingie barabarani, na dereva anayemkwepa hupunguza mwendo na kuzuia wanaomfuata. Siku ya Ijumaa hilo huonekana mbele ya baadhi ya misikiti, Jumapili mbele ya makanisa, na Jumamosi usiku mbele ya kumbi za harusi, ambapo njia moja kati ya mbili huzibwa kwa saa nzima. Kuondoa kinachoudhi njiani dini yetu imekuhesabu katika imani. Kukiegesha njiani sijui tukuhesabu katika nini. Kijana mmoja mwenye kizibao chenye kung'aa, akiwaelekeza wenye magari kwenye kiwanja cha shule iliyo jirani, anatosha kulimaliza tatizo hilo, na gharama yake ni posho ya siku moja.

Vivyo hivyo, kila huduma inayosogezwa karibu na watu huondoa safari nzima, na safari isiyofanywa haina foleni. Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka 6 shule iliyo umbali wa vituo 12, ilhali ipo moja mtaani, ana sababu zake, nasi tunaziheshimu. Lakini ajue kuwa anayelipa bei ya uamuzi ule ni mtoto anayeamshwa saa 10 usiku. Kwa upande wetu, kamati imekubaliana kuanzisha darasa la jioni la masomo ya sekondari kwa vijana wa mtaa, ili angalau wale wanaokwenda mjini kwa ajili ya masomo ya ziada wabaki karibu na nyumbani. Walimu watatu wamejitolea.

Kikao kijacho cha mtaa kitajadili njia mpya ya mabasi ya kuleta abiria barabara kuu. Tumeomba nafasi ya kuuliza mabasi hayo yatakuwa mangapi, la mwisho litaondoka saa ngapi usiku, na kama kutakuwa na mlango au sehemu itakayotangulizwa kwa kina mama, wazee na wenye watoto. Barua yetu nyingine, inayoomba kivuko cha waendao kwa miguu mbele ya madrasa na taa 3 za barabarani kati ya kituo na nyumba za ndani, imepokewa katika ofisi ya mtaa na kugongwa muhuri. Bado hatujajibiwa.